Bwana na Bibi Harusi Wote Dubu

Nilipowaacha juma lililopita katika gazeti hili, simu ilikuwa inalia mezani kwa Shangazi Verna na mimi naitazama kama nyoka. Leo naipokea. Lakini kwanza nimkaribishe aliyeingia katikati ya ngoma.

Mimi ni Merle Osawamick, Muanishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, wa kijiji cha Wabigama, kaskazini mwa Ziwa Huron. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku napasua kuni, na simwogopi mshairi yeyote aliyefundishwa. Mwaka huu nimeandika riwaya ya mapenzi, ya kuchekesha. Gordie, fundi wa injini za boti, anampenda Lorraine, msichana mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima. Wanagombana, wanasutana, wanapatana, wanaoana katika ukumbi wa bingo. Hafi mtu.

Hilo la kutokufa mtu ndilo lililoniponza.

Kampuni moja ya vitabu huko Toronto ilikipokea kitabu, ikanipa mhariri anayeitwa Kirsten. Kirsten alisoma, akacheka, kisha akaniuliza kwa huruma: msiba uko wapi? Wasomaji wake wamezoea kututazama tukilia. Nikawaka moto. Mwishowe tukaafikiana. Kitabu kitapewa msomaji mmoja wa kwetu, jina lake litafichwa, naye ataamua kama mambo yaliyomo ni ya kweli. Akikubali, harusi inabaki. Akikataa, Lorraine anazama chini ya barafu na Gordie anabaki ufukoni akimwimbia tai.

Mnakumbuka na siri yangu. Lorraine si wa kubuni. Ni Junelle Assinewe, anayesoma namba za bingo, ule mchezo wa bahati wa kadi, kwenye redio ya kijiji kila Jumatano. Nampenda. Ninyi nyote mnajua. Yeye peke yake ndiye sijamwambia.

Basi, nikapokea simu.

Shangazi, aliyekuwa anakaanga mkate, akanyoosha kidole chenye unga akabonyeza kipaza sauti. Kwake hakuna simu ya mtu mmoja.

Kirsten hawezi kumpa mtu habari mbaya kabla hajaishukuru ardhi ya wenyeji wa asili ambayo ofisi yake imejengwa juu yake, ndiyo adabu ya maofisi ya huko. Akaishukuru. Akayashukuru na maji.

"Mwambie vimeitika vyote," Shangazi akasema. "Aseme shida yake."

"Merle, msomaji wetu amekipenda mno," Kirsten akasema. "Anasema alicheka mpaka akamwamsha bibi yake."

Nikavimba kifua. Nikamkonyeza Shangazi.

"Ila anasema Gordie na Lorraine hawawezi kuoana."

"Kwa nini?"

"Anasema ni kaka na dada."

Shangazi akaacha kugeuza mkate.

"Dada wa wapi?" nikafoka. "Hawana baba mmoja, hawana babu mmoja, hata dhambi moja hawana!"

"Nakusomea alivyoandika," Kirsten akasema, akakohoa kidogo. "'Gordie ni Dubu. Tumeambiwa mapema, kwenye mazishi ya baba yake mdogo. Halafu kwenye karamu ya samaki tunamkuta Lorraine kakaa meza ya Dubu, anatania na Dubu, anamegewa kichwa cha samaki kama binti wa Dubu. Mwandishi ameozesha watoto wa ukoo mmoja. Kwetu bwana harusi wa namna hiyo hapelekwi kanisani. Anapelekwa kwa bibi yake akatandikwe.'"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukingo wa jiko. Mkate ukaungua.

Kwetu koo zina majina ya wanyama, mtoto huchukua ukoo wa baba, na wenye ukoo mmoja ni ndugu, hata kama mmoja katoka ng'ambo ya ziwa na hamjawahi kuonana. Kabla hujampa msichana hata pipi, unauliza ukoo wake. Kila mtoto wa Wabigama anajua. Hata mbwa wetu, nadhani, wanajua.

Nilifikaje huko? Kwa woga. Junelle ni Korongo, na Korongo ndio wasemaji wetu, watu wa sauti. Nikaona nikiandika kwamba Lorraine ni Korongo, kijiji kizima kitamtambua kwenye ukurasa wa kwanza. Nikamvua ukorongo. Sasa nimvishe nini? Utani wa mezani wa koo nyingine siujui vizuri, na mimi siandiki nisichokijua. Wa Dubu naujua, ndio ninaokula nao. Nikamkalisha Lorraine kwenye benchi letu.

Na Gordie alikuwa Dubu tangu mwanzo, kwa sababu Gordie ni mimi. Nimemposa dada yangu kitabu kizima, tena kwa vina.

"Lakini Merle, huoni?" Sauti ya Kirsten ilikuwa imepanda kwa furaha. "Hii ni zawadi! Mapenzi yaliyokatazwa! Lorraine anagundua ukweli, anatoka peke yake, anatembea juu ya barafu... Naliona jalada kabisa. Msichana kageuka mgongo. Theluji. Na mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu katokea wapi?" Shangazi akauliza.

"Samahani, nani mwenzetu?"

"Shangazi yangu," nikasema.

"Oh! Ni heshima kubwa kuongea na mzee wenu."

"Mzee ni mama yako," Shangazi akajibu, akarudi kwenye mkate wake.

"Nabadilisha ukoo," nikasema haraka. "Leo hii. Lorraine anakuwa Kasa, anakuwa Samaki, anakuwa yeyote. Harusi inabaki."

"Hilo nalo kaliandika." Kirsten akakohoa tena. "'Asimbadilishe ukoo kama anambadilisha soksi. Sauti ya Lorraine, ubishi wake, anavyosimama mkutanoni, vina ukoo wake, na mwandishi anaujua vizuri sana. Akauombe kwa wenyewe. Akipewa, nitatia sahihi. Asipopewa, mimi simo.' Pole, Merle. Ijumaa kitabu kinaondoka kwenda kuchapwa. Kama sijapata neno lake, tunatumia mwisho wa barafu."

Akaishukuru ardhi tena, akakata.

Nikazunguka jikoni nikifoka. Mtu hana hata ujasiri wa kutaja jina lake, kisha ananitandika mbele ya Toronto! Mimi niliyejifundisha mwenyewe! Nikanyakua kalamu.

"Merle," Shangazi akasema. "Unafanya nini?"

"Namjibu."

"Mtu kasema kweli, unamjibu nini?"

"Namjibu alivyosema."

"We mtoto! Anakuona, wewe humwoni. Unarusha jiwe gizani. Litakapotua utasikia tu mtu kalia, na huenda ukaijua sauti."

Sikumsikiliza. Shairi likikujia na hasira halingoji ushauri. Nilimtumia Kirsten ubeti mmoja, nikamwomba amfikishie msomaji wake bila kupunguza herufi:

*Msomaji wa pembeni, unosoma kwa kudona,*
*Kama kuku uwanjani, kila punje waiona,*
*Umejificha shimoni, waogopa kuonana,*
*Toka uje hadharani, utufunze kupendana.*

Kirsten akaniandikia kwamba ameguswa sana na utamaduni wetu, na kwamba ameshaupeleka.

Nikalala kama mfalme.

Jumatano jioni tulikuwa mezani kwa Shangazi kama nyumba zote za Wabigama: kadi za bingo zimetandazwa, mihuri ya wino imefunguliwa, supu ya makaroni inapoa, redio juu ya jokofu. Jirani yetu Bernadette alikuwa amekuja na kadi zake kumi na mbili na kiti chake mwenyewe, maana haamini bahati ya viti vya watu.

Sauti ya Junelle ikaingia. Mimi hucheza bingo kwa ajili ya sauti hiyo tu, sijawahi kushinda hata chupa ya sabuni.

"Chini ya B, saba. Saba, kama meno ya Bwana Norbert."

"Yamebaki matano," Bernadette akasema, akagonga muhuri.

"Chini ya N, arobaini na mbili. Na kabla sijaendelea, jamani, leo kuku kapokea salamu."

Kijiko changu kikasimama njiani.

"Kuna kijana wa hapa hapa kaandika kitabu," Junelle akasema redioni, taratibu, kama anayetaja namba. "Kampuni ikaniomba mimi nikisome, nikakisoma. Nikasema kweli. Naye kaniletea shukrani. Nawasomea."

Akausoma ubeti wangu. Wote. Alipofika kwenye kuku uwanjani akaupa nafasi, ukatua vizuri.

Bernadette akaniangalia. Shangazi hakuniangalia. Alikuwa anatabasamu kwenye kadi yake, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Vina vimekaa," Junelle akasema. "Mizani imetimia. Tusimnyime haki yake. Na mimi nimemjibu, maana kwetu anayeitwa huitika."

*Kuku hudona kwa haja, hutafuta chake fungu,*
*Nikaona jambo moja, limechoma moyo wangu,*
*Mwandishi mwenye kungoja, kaniita "dada yangu,"*
*Naomba unipe hoja: kosa gani kosa langu?*

Nikasikia karatasi zikipangwa.

"Chini ya O, sitini na sita," Junelle akasema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo.

Bernadette alikuwa amepata mstari mzima kwenye kadi yake ya tatu. Hakusema bingo. Alikuwa ameniachamia mdomo.

"Ni wewe," akasema.

"Si mimi."

"Na Lorraine ni Junelle."

"Hapana."

"Na umemfanya *dada* yako?"

Simu ikalia. Shangazi akapokea, akasikiliza, akaziba kipaza kwa kiganja. "Ni Norbert. Anauliza, Osawamick siku hizi wameamua kuoana wenyewe kwa wenyewe ili kubana matumizi?"

Mimi huwa nina jibu kwa kila mtu. Jioni ile nilijificha nyuma ya kadi ya bingo.

Bernadette alipoondoka na kiti chake, Shangazi alikaa mbele yangu. Utani ukamtoka usoni.

"Unaelewa ulichomfanyia yule mtoto?"

"Nilimficha tu, shangazi. Wasimtambue."

"Kajitambua mwenyewe. Kasoma kitabu kizima, anaona huyu kijana anajua ninavyocheka, anajua ninavyofunga skafu, anajua ninavyobishana na diwani. Moyo unamwenda mbio. Halafu anafika kwenye karamu, anakuta umemkalisha kwenye benchi la dada zako. Wewe ungeelewaje?"

Nikaanza kukusanya kadi.

"Kaelewa kwamba umemkataa," Shangazi akasema. "Kurasa zote zile, kumbe ni barua ya kumkataa. Tena na tusi juu yake."

"Nifanye nini?"

"Alishakuambia mwenyewe. Uombe ukoo wake kwa wenyewe. Kesho asubuhi chukua tumbaku, nenda kwa bibi yake. Na nenda bila mashairi."

Bibi yake Junelle ni Bibi Philomene, mkubwa wa Korongo hapa kwetu. Ni yeye aliyemlea. Umri wake hata yeye haukumbuki, na ukimuuliza anakuambia, "Wa kutosha."

Asubuhi niliwasha pikipiki ya theluji nikakatiza ghuba iliyoganda. Mfuko wa tumbaku, zawadi ambayo kwetu mtu humpa mzee anapomwomba jambo, nilikuwa nimeufunga kwa kitambaa chekundu, nikauweka ndani ya koti upande wa moyo. Gari la Junelle halikuwepo uani. Nikashukuru.

Bibi Philomene alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, anakata suruali kuukuu za jinzi vipande vya mraba kwa ajili ya mfarishi. Hakuinua macho.

"Futa miguu, Dubu."

Nikafuta. Nikapiga goti, nikamnyooshea tumbaku. Nilikuwa nimepanga kusema kwanza, nimpe baadaye. Lakini yule bibi ana mkono mwepesi kuliko mkasi wake. Kabla sijafungua mdomo, mfuko ulikuwa mapajani mwake.

"Nimepokea," akasema. "Haya, omba."

"Bibi, nimekuja kuomba ruhusa... Lorraine awe Korongo. Ili aolewe na Gordie."

Mkasi ukasimama.

"Lorraine ni nani?"

"Msichana wa kitabu changu."

"Wa kitabu."

"Ndiyo, bibi."

"Yuko hai?"

"Yuko... yuko kwenye kitabu."

Bibi Philomene akaweka mkasi chini. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama samaki na kujiuliza kama amrudishe majini.

"Tangu jana jioni simu yangu inalia," akasema. "Watu wananiambia, Merle atakuja, Merle atakuja. Nimeamka mapema. Nimevaa hereni. Nimekaa hapa nakata suruali ambazo sina haja ya kuzikata, namngoja kijana aje kuniomba ruhusa ya kumuuliza mjukuu wangu kama ataolewa naye. Na wewe umeniletea tumbaku ya mtu wa karatasi?"

Masikio yakaniwaka moto.

"Bibi, na huyo pia. Hata huyo. Nilitaka..."

"Tumbaku ni moja."

"Naweza kurudi dukani. Nitaleta nyingine sasa hivi."

"Anayeomba vitu viwili asubuhi moja hajui anachokitaka." Akaugonga mfuko kwa kidole. "Leo unaomba kimoja. Kingine uje nacho barafu ikishayeyuka, tutazungumza. Sasa niambie. Hii ni ya nani? Ya Lorraine, au ya Junelle?"

Barafu yetu huyeyuka majira ya kuchipua. Kitabu kinaondoka Ijumaa, yaani kesho yake.

Nikisema Lorraine, kitabu kinapona. Gordie anaoa, ukumbi unacheka, na huko Toronto watasoma angalau mara moja kitabu chetu ambamo watu wanaishi na kula mpaka mwisho. Lakini Junelle atabaki anaamini nimemkataa.

Nikisema Junelle, Lorraine anaingia kwenye maji.

Nilikuwa bado nimepiga goti, nikihesabu kwa vidole kama natafuta mizani.

Mlango ukafunguka. Baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia Junelle, theluji kwenye skafu, funguo za gari mkononi. Akaniona. Akaona tumbaku.

"Nilisahau kadi za wiki ijayo," akamwambia bibi yake. Kisha akaegemea ukuta, akakunja mikono. "Endelea, Merle. Mimi msomaji tu."

"Junelle, ule ubeti..."

"Ubeti ulikuwa mzuri. Nimesikia mlangoni umeulizwa swali. Jibu swali."

Nikamwangalia yeye, si bibi yake.

"Ni ya Junelle," nikasema.

Moto ulipasuka ndani ya jiko. Bibi Philomene hakusogea. Nikaona shingo ya Junelle ikipanda rangi mpaka kwenye masikio, na nikadhani, ewe msomaji, kwamba mikosi yangu imekwisha na gazeti hili litafute mwandishi mwingine.

"Na Lorraine?" akaniuliza polepole.

"Lorraine basi."

"Basi vipi?"

"Watamalizia wanavyotaka wao. Atazama. Ni kitabu tu, Junelle. Wewe ndiye..."

"Atazama," akasema. "Umelitamka kama unamwaga maji ya kuoshea vyombo."

"Kwa ajili yako!"

"Usinitie mimi humo!" Sauti ile ya redio ikajaa nyumba nzima. "Unajua nimesoma vitabu vingapi vyenye msichana wa kwetu? Katika vyote anakufa. Anakufa porini, anakufa barabarani, anakufa ili mwanamume fulani aelewe maisha. Kisha nikakipata hiki. Msichana anakula mikate minne, anamtukana diwani, anaanguka na pikipiki ya theluji mbele ya mchumba wake, anacheka mpaka anajamba. Nikamwamsha bibi nimsomee. Bibi, sikukuamsha?"

"Uliniamsha," Bibi Philomene akasema. "Pale pa kujamba nikakuambia rudia."

"Niliumia uliponifanya dada yako. Nikaumia sana. Lakini hata nilipoumia, niliwaambia Toronto akaombe ukoo, sikuwaambia wakichome. Nilitaka aishi." Akafuta pua kwa skafu. "Na wewe unamzamisha ndani ya dakika moja, umepiga goti, ukidhani nitafurahi. Mwanamume anayemuua Lorraine ili anipate mimi, siku akimtaka mwingine ataniua mimi kwenye ukurasa gani?"

"Junelle..."

"Ukimzamisha Lorraine, usinitafute."

Akachukua bahasha ya kadi juu ya kabati. Akatoka. Hakubamiza mlango, aliufunga vizuri, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikabaki na bibi yake na suruali zilizokatwa.

"Mimi bado sijaitika," Bibi Philomene akasema. "Alichosema mtu kabla sijaitika ni upepo. Nakuuliza mara ya mwisho. Ni ya nani?"

Sikufikiri mizani wala vina. Nilimfikiria Lorraine na mikate yake minne.

"Ya Lorraine," nikasema. "Awe Korongo. Aolewe. Aishi."

"Nimeitika."

Akafungua kitambaa, akachukua tumbaku kidogo kwa vidole, akafungua mlango wa jiko na kuiweka motoni. Akasema maneno yake kwa lugha yetu, hayo sitayaandika gazetini. Alipomaliza alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifute miguu.

"Mpigie simu yule mzungu wako. Mwambie Junelle atatia sahihi, na mimi ndiye niliyesema. Sasa kaa nikufundishe Korongo wanavyotaniana mezani, maana mlivyo ninyi Dubu mnatania kama mnasukuma gogo."

Nikakaa. Mwili ulikuwa mwepesi. Nilijiambia: kitabu kimepona, naye kasikia nimesema jina lake. Barafu itayeyuka. Nitarudi na tumbaku nyingine, nitapiga goti vizuri zaidi. Junelle hakimbii.

"Bibi," nikasema, "barafu mwaka huu itawahi kuyeyuka, unaonaje?"

"Kwa nini una haraka?"

"Nije niombe ile ya pili."

Bibi Philomene akachukua mkasi wake. Akakata kipande cha suruali, akakilinganisha na kingine.

"Unamjua Curtis Wemigwans? Yule mlinda lango wa timu yetu ya hoki?"

"Namjua." Nani hamjui. Ana mabega kama mlango wa ghala, na hajawahi kuandika hata orodha ya dukani.

"Ni wa ukoo wa Marteni. Ukoo safi, hauna matatizo na wetu. Jumapili alikaa hapo hapo ulipokaa. Alileta tumbaku. Moja, ya kitu kimoja. Nikampa ruhusa amuulize Junelle."

Nikanyakua kofia.

"Na... ameshamuuliza?"

"Alisema atamuuliza leo, uwanjani, baada ya mazoezi. Junelle ndiye anayewapelekea kadi za bingo za kuchangia timu." Akatazama dirishani. Gari la Junelle lilikuwa limeshafika mwisho wa barabara, linakata kona ya uwanja wa barafu. "Ningekupa na wewe ruhusa. Mngeuliza wote wawili, angechagua mwenyewe, mimi simchagulii. Lakini wewe leo huna ruhusa ya kumuuliza chochote."

Nilikuwa nimeshasimama, kofia mkononi, sijui naelekea mlangoni au naelekea motoni.

"Kaa chini, kijana," Bibi Philomene akasema, akinisukumia sufuria ya chai. "Hongera. Lorraine ameolewa vizuri."